Diski C imejaa na mafaili hayaonekani: tuchungulie uvunguni

*"Fundi habari za kazi. Nina steshenari ndogo karibu na chuo, natumia laptopu ya mtumba niliyonunua mwaka juzi, RAM 8, SSD 128, Windows 10. Tangu mwezi uliopita diski C imekuwa nyekundu, inaniambia imebaki MB 700 tu kati ya GB 118. Nimefuta muvi zote, kazi za wateja nimehamishia kwenye eksteno, asubuhi inanipa kama GB 3 jioni zimeisha tena. Jana nikaingia C nikachagua mafolda yote nikaangalia ukubwa, jumla GB 64. Sasa hizo nyingine ziko wapi? Kijana mmoja kaniambia ni virusi vimejificha, fundi wa hapa mtaani anataka kufomati, na mtandaoni nimeona mtu anasema kuna folda linaitwa WinSxS ndo linakula nafasi nilifute. Mume wangu yeye anasema tuuze tuchukue nyingine. Naogopa kuharibu maana ndo inayonilisha. Nifanyeje?"*

Pole sana dada, na hongera kwa kitu kimoja ambacho wengi hawafanyi, umepiga hesabu. Watu wakiona ule mstari mwekundu wanaanza kufuta hovyo, muvi, picha za harusi, mpaka kazi za wateja, alafu wiki ijayo mstari unarudi palepale. We umefuta, ukapima, ukaona namba mbili hazikubaliani, ukauliza. Kwahiyo kabla sijaenda mbali naomba mambo mawili usiyafanye leo: hilo folda la WinSxS usiliguse, na laptopu usimpe mtu aifomati. Sio kwamba kufomati ni dhambi, tutafika huko, ila kufomati kabla hujajua nini kimejaza ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu ya harufu kumbe ni panya mmoja kafia darini.

Tuanze na hesabu yako. Diski imetumika GB 117 na kitu, we umeona 64, kwahiyo zinatafutwa kama 53. Ulipoingia C ukachagua yote, Windows ilikuhesabia vile tu inavyokuonyesha na vile tu unavyoruhusiwa kuingia. Ni kama mjumbe kaja kuhesabu watu wa nyumba, kahesabu waliokaa sebuleni, walioko jikoni hakuwaona, na chumba kilichofungwa kagonga hakufunguliwa akaandika sifuri akaondoka.

Walioko jikoni ni vile vitu vya C ambavyo kwa kawaida huvioni kabisa: ProgramData, $Recycle.Bin, System Volume Information, na mafaili makubwa yanayoitwa pagefile.sys na hiberfil.sys. Hayakuonekana, kwahiyo hukuyachagua, kwahiyo hayakuhesabiwa. Vyumba vilivyofungwa ni mafolda ambayo akaunti yako haina ruhusa nayo, mfano folda la mtu mwingine ndani ya Users, au lile la foleni ya printa. Hayo hata ukiyachagua, Windows inashindwa kuingia, na badala ya kukwambia "nimeshindwa" inaandika sifuri kimyakimya. Mi naona huu ni uzembe kidogo wa waliotengeneza lakini ndo ulivyo miaka yote.

Na hiyo 118 usije ukadhani uliibiwa dukani. Mwenye kiwanda anahesabu GB moja ni baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024, ndo maana SSD ya 128 inasomeka 119, alafu kuna kipande kidogo kimetengwa kwa ajili ya kufufua Windows ikifa. Hakuna aliyekula hapo.

Sasa virusi. Najua kwanini yule kijana kawaza hivyo, kwenye steshenari flashi za wanafunzi zinaingia na kutoka kutwa nzima, na wote tumeshawahi kukutana na kile kirusi cha shotikati, unafungua flashi ya mteja unakuta vitu vimegeuka shotikati na mafaili yenyewe hayapo. Pale kirusi hakikufuta kitu, kimeyawekea mafaili alama mbili tu, alama ya "fichwa" na alama ya "ya mfumo", na unaweza kuyarudisha kwa amri ya Windows inayoitwa attrib. Alama hizo hizo ndizo Windows inazotumia kwa mafaili yake yenyewe, na ni za tangu enzi za MS-DOS. Kwahiyo kufichwa ni alama tu, haimaanishi ubaya. Bibi yangu vyombo vyake vyote vizuri alikuwa anaviweka uvunguni, mgeni akija asivione, sasa ungesema ni takataka? Na virusi vingi vyenyewe ni vidogo mno, KB mia kadhaa, MB chache, havina haja ya kujaza diski yako maana vinataka uendelee kutumia mashine bila kushtuka. Piga skani ya Windows Security, ile ya "Full scan", ila usitegemee ikurudishie GB 50.

Haya, mtaka cha uvunguni sharti ainame, tuiname. Kwanza usidaunlodi chochote, Windows yenyewe ina ukurasa mzuri ambao watu hawaufungui. Nenda "Settings", "System", "Storage", subiri imalize kuhesabu, bofya "Show more categories". Pale kuna sehemu tatu nataka uzisome na uandike namba zake kwenye karatasi: "System & reserved", "Other people" na "Temporary files". Ukiingia ndani ya "System & reserved" utakuta imegawanywa tena, mafaili ya mfumo, kumbukumbu ya akiba ambayo pale inaitwa "Virtual memory", faili la kulaza mashine linaitwa "Hibernation file", na "System restore". Utakuta pia "Reserved storage", hiyo ni kama GB 7 Windows inajitengea kwa ajili ya apudeti zake, iache.

Nikianza kukisia, mi jicho langu la kwanza liko kwenye System Restore. Hii ni picha ya mfumo ambayo Windows inaichukua kabla ya kuinstoli kitu au kupokea apudeti, ili mambo yakienda vibaya urudi ulipokuwa jana. Picha zinawekwa ndani ya System Volume Information, folda ambalo hata ukiwa administreta ukilibofya linakwambia huruhusiwi, kwahiyo kwenye hesabu yako lilikuwa sifuri kabisa. Inategemea aliyekuuzia alivyoiseti, wapo mafundi wanaokivuta kikomo chake cha nafasi mpaka asilimia 20 au 30 ya diski kwa nia njema tu, na kwenye SSD ya 128 hiyo ni GB 24 au 36 zimeenda. Kuona: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika SystemPropertiesProtection, ingia. Chagua C, bofya "Configure". Utaona imetumika ngapi na kikomo ni kipi. Vuta kikomo mpaka kama asilimia 3 hadi 5, picha za zamani zitajifuta zenyewe zile mpya zibaki. Kuna na kitufe cha "Delete" kinachofuta zote, sikukatazi, ila ukifuta zote leo alafu kesho apudeti ikaharibu kitu huna pa kurudi. Kupunguza kunatosha.

Wa pili ni hiberfil.sys. Laptopu ikilazwa kwa "hibernate" inaandika vilivyomo kwenye RAM kwenye faili hili alafu inazima kabisa, ukiwasha unakuta kazi yako ilivyokuwa. Kwa kawaida Windows 10 inalitengea asilimia 40 ya RAM, kwahiyo kwako ni kama GB 3.2, haijalishi unaitumia au huitumii. Kuliondoa ni mstari mmoja. Tafuta "cmd", kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator", andika:

powercfg /h off

Faili linapotea hapo hapo, na ukitaka kulirudisha unaandika on badala ya off. Lakini sikiliza, sio bure. Ukilizima unapoteza na ule uwashaji wa haraka, mashine itachelewa kidogo kuwaka, kwenye SSD hutauona sana. Kubwa zaidi, betri za laptopu za mtumba tunazijua, ukiiacha imelala umeme ukakatika na betri ikaisha, kazi ambayo hukuisevu imeenda. Kama betri yako inakaa dakika kumi tu, mi ningeliacha hili faili mpaka mwisho, nikikosa kwingine ndo nilirudie.

pagefile.sys ndo lile la "Virtual memory", na hapa ndo nadhani kuna sehemu ya jibu la ile asubuhi GB 3 jioni sifuri. RAM ikizidiwa, Windows inahamishia baadhi ya vitu kwenye diski kwa muda. We steshenari unafungua Chrome tabu ishirini, fomu za mikopo, PDF ya mteja ina kurasa mia tatu, Word, WhatsApp, RAM ya 8 inapumua kwa shida, basi pagefile linavimba mchana kutwa. Ukirestati linarudi kwenye saizi yake. Nimesema kurestati, sio kuzima, maana ule uwashaji wa haraka unafanya kuzima kusiwe kuzima kweli, Windows inajilaza nusu na asubuhi inaendelea ilipoishia. Kwahiyo jaribu hivi kesho jioni ikishajaa: bofya "Restart", ikiwaka angalia nafasi imerudi ngapi. Ikirudi GB 2 au 3 basi mla wako wa mchana ni huyu, na dawa yake ni kufunga tabu, na siku ukipata hela ongeza RAM. Kulizima kabisa pagefile kama wanavyoshauri wengine, usifanye, programu zitaanza kufa katikati ya kazi na mteja kasimama pale dirishani.

Isiporudi baada ya kurestati, basi kuna kitu kinaandika na hakifuti, na kwa biashara yako mshukiwa wangu ni printa. Kila unachoprinti Windows inakiandika kwanza kwenye foleni ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ikishatoka karatasi inafuta. Sasa kuna kiboksi kwenye mipangilio ya printa, upande wa "Advanced", kimeandikwa "Keep printed documents". Kikiwa na tiki, hakifutwi kitu. Mtu mmoja alikitiki ili asiifungue tena kazi ya mteja aliyetaka nakala nyingine, basi ndo imetoka hiyo. PDF ya MB 5 yenye picha za skana ikigeuzwa kuwa lugha ya printa inaweza kuwa MB mia na zaidi, piga mara kazi za siku nzima. Na folda hilo ni mojawapo ya vile vyumba vilivyofungwa, halikuhesabiwa. Angalia kwenye kila printa uliyonayo, toa tiki. Kufuta vilivyobaki: hakikisha hakuna kinachoprinti, kwenye ile cmd ya administreta andika net stop spooler, alafu fungua folda hilo, Windows itakuuliza kama uendelee, kubali, futa vilivyomo ndani tu na sio folda lenyewe, kisha net start spooler. Nimewahi kukuta GB 19 pale, kwenye kompyuta ya kawaida kabisa ya ofisi, na mwenyewe alishanunua eksteno mbili.

Sasa "Other people". Umesema laptopu ni ya mtumba. Hizi mashine nyingi zilikuwa za maofisi huko nje, zikasafishwa vizuri au zikasafishwa nusu, na nyingine zimepita kwa mtu wa hapa hapa kabla yako. Kama mwenye zamani hakufuta akaunti yake bali alikufungulia ya kwako pembeni, basi picha zake, emeili zake, kila kitu bado unakitunzia. Kwenye hesabu yako folda lake lilikuwa sifuri kwa sababu huna ruhusa. Usilifute kwa mkono ndani ya Users, linaacha mabaki kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, na mara nyingine linagoma katikati. Bonyeza Windows na R, andika SystemPropertiesAdvanced, kwenye "User Profiles" bofya "Settings", utaona kila yuza na ukubwa wake. Chagua la mtu usiyemjua, "Delete". Lako usiliguse, na ukiona "Default Profile" liache. Na tafadhali usiingie kuchungulia mambo ya watu, futa tu.

Hapo hapo nikuguse na jambo lako mwenyewe, samahani kama nakuchokonoa. Skani za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya wateja za tangu mwaka juzi bado zipo kwenye folda la skana? Nafasi zinachukua, lakini zaidi ya nafasi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa ya mtu ikishamaliza kazi yake haina sababu ya kukaa kwako. Kuzihamishia eksteno hakujamaliza kitu, umehamisha mzigo tu. Mteja akishachukua karatasi yake, futa.

"Temporary files" sitakaa sana, ni rahisi. Ingia, soma orodha, tiki "Windows Update Cleanup", "Delivery Optimization Files", "Recycle Bin", "Temporary files", na kama kuna "Previous Windows installation(s)" tiki pia, hiyo ni Windows ya zamani iliyobaki baada ya kupandishwa toleo, inaweza kufika GB 15 au 20, na kawaida Windows inaifuta yenyewe baada ya siku 10 ila mara nyingine inasahau. Kitu kimoja tu: kwenye orodha hiyo hiyo kuna kiboksi cha "Downloads". Hicho usikitiki! Ni folda lako la Downloads zima, na najua watu wa steshenari kila alichotuma mteja kiko pale. Nimeshaona watu wamelia.

Kuna pia AppData, folda limefichwa ndani ya folda lako mwenyewe. Hili lilihesabiwa kwenye zile 64, kwahiyo halimo kwenye zinazokosekana, lakini hata hizo 64 sio zote halali. Telegram ya kompyuta inahifadhi kila video uliyopita nayo, ingia kwenye mipangilio yake, "Advanced", "Manage local storage", safisha na uiwekee kikomo. WhatsApp vilevile. Kama uliwahi kuweka bakapu ya iPhone ya mtu kwa iTunes, iko humu humu na inaweza kuwa GB 30 peke yake. Kanuni yangu kwa AppData ni hiyo, programu ndo ifute mali yake, we usiingie na panga.

Baada ya hapo kama bado hesabu haijakaa, ndo utafute WinDirStat. Ni ya bure hata kwa biashara, inakuchorea diski nzima kwa viboksi vya rangi, faili kubwa linaonekana boksi kubwa. Iendeshe kama administreta, la sivyo itarudia kosa lilelile la kuandika sifuri kwenye vyumba vilivyofungwa. WizTree ina kasi zaidi kwa sababu inasoma moja kwa moja daftari la orodha ya mafaili lililomo kwenye diski yenyewe badala ya kutembea folda kwa folda, ila bure yake ni kwa matumizi binafsi. Mara nyingine unakuta kitu ambacho hukukiwaza kabisa, mwezi Mei 2021 Windows Defender yenyewe ilipata hitilafu ikawa inamwaga mafaili madogo maelfu kwa maelfu ndani ya ProgramData mpaka ikajaza diski za watu, na Microsoft ikairekebisha kwa apudeti baada ya siku chache. Bila kupima nani angemshuku mlinzi?

Sasa hilo WinSxS. Ukilibofya litakwambia GB 10 au 12 na roho itakuuma. Lakini ndani yake mafaili mengi ni yaleyale yaliyomo System32, faili moja lenye majina mawili sehemu mbili, na ile hesabu ya kawaida inalihesabu mara mbili. Ukitaka ukweli andika kwenye cmd ya administreta:

Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Itakupa ukubwa halisi na itakwambia kama kusafisha kunapendekezwa. Kama inapendekezwa, unaandika amri hiyo hiyo ila mwisho, badala ya /AnalyzeComponentStore, unaweka /StartComponentCleanup, unaiacha ifanye, inaweza kuchukua nusu saa, usiizime katikati. Kulifuta kwa mkono ni kubomoa nguzo, Windows haitapokea apudeti tena na inaweza isiwake kabisa.

Ndugu yake ni C:\Windows\Installer, nalo limefichwa, na hili nalijua kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi mteja kaniletea mashine imejaa, nikaona mule ndani mafaili yana majina ya ajabu ajabu GB 14, nikasema hizi takataka, nikafuta, mteja kafurahi kanilipa. Baada ya miezi miwili programu yake ya hesabu ikahitaji apudeti, ikaitafuta faili yake ya kuinstolia mule ndani haipo. Haikupandishwa wala haikutoka, kila tukijaribu kuiondoa inadai faili lile lile nililofuta. Nilirudi nikafanya kazi siku mbili bure na hata chai sikuomba.

Zile programu za "safisha kompyuta yako mara moja" na zenyewe sizipendi, hasa za kukreki. Hata zenye jina zimewahi kupata ajali, mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya CCleaner toleo la 5.33 kutoka kwa watengenezaji wenyewe, watu zaidi ya milioni 2 wakaidaunlodi. Hakuna linalofanywa na hizo ambalo hujaliona hapa juu.

Turudi kwa fundi wako na kwa shemeji. Fundi hajakosea kabisa. Kama utakuta akaunti ya mtu usiyemjua kwenye mashine yako, mi mwenyewe kwa roho safi ningependa kuinstoli Windows upya, maana hujui kingine alichoacha. Ila iwe ni kazi ya kupanga: bakapu ya kazi zote kwanza, na uifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inafunguka. Windows kama ilikuwa halali kwenye mashine hiyo itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti, lakini Office inaweza isirudi kama iliwekwa kienyeji, ulizia hilo kabla hujalipa. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, muulize pia kama prosesa yako inakubali Windows 11, usije ukafomati mara mbili. Kuuza? Shemeji asubiri kidogo. SSD ya 128 kwa steshenari ni ndogo, huo ndo ukweli, hata tukisafisha vizuri utaishi na GB 40 za kupumua. Kubadilisha SSD kuwa ya 256 au 512 ni rahisi kuliko laptopu nyingine, na fundi anaweza kukopi diski nzima bila kufomati. Mwambie afungue kwanza aone kama ni ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2 kabla hujaenda dukani.

Kuna hali ambazo usihangaike na maelezo yangu, ipeleke kwa mtu aiangalie kwa macho. Kama diski inajaa GB nyingi ndani ya dakika na huoni ni nini, kama mafaili yanabadilika majina au hayafunguki, kama Windows inaganda na kuandika makosa ya kusoma diski, au kama ikiwaka inakuomba namba ndefu ya BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski nzima. Kwenye hizo mbili za katikati usijaribu kufuta wala kusafisha chochote, okoa kazi zako kwanza, na kama mafaili yanabadilika majina zima mashine na uchomoe ile eksteno mara moja. Ukimpelekea fundi, kaa naye pale pale, ina vitambulisho vya watu ile.

Leo usiku baada ya kufunga fanya ule ukurasa wa "Storage" tu, usifute kitu, nipigie picha "System & reserved", "Other people" na kile kidirisha cha "Configure" unitumie. Na kabla ya kupiga picha angalia kile kiboksi cha printa. Kikiwa na tiki niambie hilo kwanza, hayo mengine tutayaacha mpaka kesho.